Mashahidi wa Beseni

Simu ilitetema pajani mwangu wakati nampa Bi Mwajabu pole ya mguu. Kabla sijaitoa mfukoni nikasikia ya jirani inatetema, kisha ya pili, ya tatu, mpaka baraza zima likawa linanguruma. Wanawake sita tukaangaliana. Mtetemo ule hakuna asiyeujua: mrefu, mfupi, mrefu. Maana yake mtu anayeshukiwa na Ramani ya polisi yuko ndani ya hatua ishirini kutoka ulipo.

Aliyekuwa ndani ya hatua ishirini alikuwa Hamduni.

Alikuja na rola mbili za uzi kwapani, anatafuna muhogo wa kuchoma, ana vumbi la chaki kwenye suruali kama siku zote. Fundi cherehani yule, chumba namba tatu hapo hapo kwa Bi Mwajabu, mwaka wa sita sasa. Nusu ya magauni yaliyokaa barazani pale aliyashona yeye.

"Shikamooni mama zangu. Mbona mmenuna hivyo, nani kafa?"

Mama Ashura alimvuta mwanawe akambana katikati ya magoti. Hamduni aliliona hilo, akageuka haraka kutazama nyuma yake, amwone huyo mtu tunayemwogopa.

Simu ya mshukiwa haitetemi. Yeye ndiye wa mwisho kujua.

Nilisoma kioo huku nimeegemeza mgongo ukutani. HAMDUNI SEIF MBWETO. KUMJERUHI MLINZI WA DUKA LA DAWA, JUMAMOSI SAA 11:20 JIONI. UHAKIKA: ASILIMIA 88.

"Mwanangu ingia ndani ukapumzike," Bi Mwajabu alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Nipumzike saa nne asubuhi? Kwani mimi bwana harusi?"

Akacheka peke yake, akaingia. Mlango wa namba tatu ulipofungwa simu zilinyamaza, maana Ramani haitetemi kwa aliye nyuma ya ukuta, na hapo macho yote yakahamia kwangu. Mimi ndiye niliyevaa sare. Koplo Tunu Ngwali, Kikosi cha Ramani, mzaliwa wa mtaa huu huu wa Kwa Bi Nyota. Mgongoni nilibeba begi la macho, lile lenye kamera nane na kidude cha miale kinachozunguka juu kama feni, ambalo kwa miaka mitatu nimelitembeza kila uchochoro wa kata hii ili Ramani ijue ukuta uko wapi na mlango uko wapi.

"Koplo," akasema Mama Ashura, ambaye siku zote huniita Tunu. "Themanini na nane si bado?"

"Bado. Kukamatwa ni tisini na tano."

"Na itafika lini?"

"Saa saba, kwenye hesabu."

Kila mtu alitazama waya wa umeme uliopita juu ya baraza. Hilo nalo hakuna asiyelijua. Ramani haina jengo lake lenye mashine. Mashine yake ni sisi. Kuanzia saa saba mpaka saa nane mchana umeme ni bure kwa kila simu iliyochomekwa, na ndani ya saa hiyo simu za kata nzima zinagawana kazi: hii inachambua kipande cha picha, ile inapima nani alikuwa karibu na nani, nyingine inahakiki kazi ya mwenzake. Ukipita Kwa Bi Nyota saa hiyo utakuta simu zimepangwa kwenye sinia kama vitumbua, za moto, na watoto wanazipepea kwa kipande cha boksi. Hatujui simu ya nani inakokotoa kesi ya nani. Ndiyo raha yake, walituambia kwenye kozi: hakuna mtu mmoja wa kuhongwa.

"Basi ni yeye," alisema dada mmoja wa nyumba ya pili, taratibu. "Ramani haikosei. Si ndiyo ilimpata yule mtoto Nasra alipopotea?"

Nilikuwa nimefungua orodha ya mashahidi.

Mashahidi wa Ramani ni simu. Simu zikikaribiana husalimiana zenyewe, zikaandika saa na umbali. Jambazi alipompiga Mzee Kalembo, yule mlinzi, pale dukani na kumwacha amezimia, aliondoka na simu ya mzee, nayo ile simu ikaendelea kusalimia njiani. Kwa dakika kumi na moja ilisimama mahali pamoja. Simu arobaini na mbili zilithibitisha kwamba ilikuwa mita mbili kutoka zilipo. Zote mita mbili. Hakuna hata moja iliyosema tatu.

Na simu ya kumi kwenye orodha ilikuwa ya polisi. Ilikuwa yangu.

*

Niliomba kuingia chumba namba tatu. Hamduni alikuwa amekaa kwenye kigoda anatunga uzi kwenye sindano.

"Karibu Dada Tunu. Umenijia na begi kabisa, unataka kunipiga picha ya pasipoti?"

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Jumamosi si mlinifukuza? Bi Mwajabu kaja saa tisa, kasema leo singo ya Riziki, mwanamume hatakiwi humu ndani. Nikaenda uwanjani. Tumefungwa mbili."

"Simu?"

"Niliiacha hapa inachaji. Si ndo mlileta na za kwenu?" Sindano ikasimama hewani. "Kuna nini, dada?"

Nilitazama meza ya cherehani, chini ya dirisha dogo la nondo. Jumamosi ilikuwa na beseni juu yake, lile la bluu la kufulia, limefunikwa kanga. Mwari anaposingwa, yaani bi harusi anaposuguliwa liwa na kufundwa, picha hazipigwi, na sauti hazirekodiwi. Ukifika mlangoni unatoa simu, inaingia kwenye beseni, beseni linawekwa chumba chenye kufuli. Nilipojaribu kukataa, kwamba simu ya kazi haitoki mwilini kwa askari, Somo Mgeni, yule kungwi, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kidole gumba.

"Humu hakuna koplo," akasema. "Humu kuna mwari na wakubwa zake. Toa."

Nikatoa. Tukaingia kucheza. Simu arobaini na mbili zikabaki zimelaliana kwenye beseni moja, mita mbili kutoka kwa kitu fulani.

Mita mbili upande upi? Simu zikiwa zimetawanyika kwenye nyumba, hii inasema tatu, ile inasema saba, Ramani inapiga mistari na kupata nukta. Zikiwa mahali pamoja haina mstari wa kupiga. Inabaki na duara tu. Nusu ya duara lile lilikuwa ndani ya chumba hiki. Nusu nyingine ilikuwa nje ya dirisha, kwenye uchochoro unaotenganisha nyumba ya Bi Mwajabu na ukuta wa duka la dawa.

"Hamduni, huku nyuma watu wanapita?"

"Wanapita kiubavu. Ni pembamba, na maji machafu. Mwizi ndiye atakayepapenda."

Nilifungua Ramani nikakuza. Nyuma ya dirisha lile hapakuwa na uchochoro. Palikuwa na ukuta mnene mweusi, na maandishi madogo: HAKUNA NJIA. MPIMAJI: KPL T. NGWALI.

Nilikumbuka hata siku yenyewe. Begi lilikuwa halipiti. Ilitakiwa nilivue, nilishike mbele, nitembee kiubavu kwenye maji ya choo hatua kumi na nne. Viatu vilikuwa vipya. Nikachora ukuta.

Ramani ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu. Iliambiwa nje hakuna njia, ikampeleka jambazi ndani, kwa mwenye chumba.

"Dada Tunu, unanitisha. Sema."

Nikamwambia. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliichomeka sindano kwenye kola ya shati lake, polepole, akauliza.

"Wale pale barazani, simu zao zimetetema?"

"Ndiyo."

"Wote?"

*

Saa tano na robo tulikuwa tumejaa chumbani kwa Bi Mwajabu, mlango umebanwa kwa ndoo. Wanawake wa singo wasiopungua ishirini, wengine wana unga mikononi. Habari Kwa Bi Nyota haihitaji mtandao.

"Dawa ni ndogo," alisema Mama Ashura. "Saa saba hatuchomeki. Simu zetu ndo mashahidi? Basi mashahidi wamelala."

"Hesabu itahamia simu za mtaa wa pili," nikasema. "Na nyumba isiyochomeka Ramani inaiandika kuwa imejificha. Wote mtatetemewa."

"Mimi? Nitetemewe? Na mume wangu yuko safarini?"

"Hasa wewe," mtu akachomekea huko nyuma, vicheko vikataka kutoka, vikafia njiani.

"Kuna njia moja," nikasema. "Twende kituoni kabla ya saa saba. Kila mtu aseme simu yake ilikuwa kwenye beseni. Basi."

Somo Mgeni alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye bakora.

"Nimeingiza wari ndani miaka arobaini," akasema. "Hakuna hata mmoja ambaye mambo yake yamefika polisi. Nikisimama pale wataniuliza beseni, nitajibu. Wataniuliza mlikuwa mnafanya nini masaa matatu bila simu, nitajibu? Watauliza nani alikuwepo, nani alicheza nini. Riziki ana siku mbili ndani ya ndoa. Unataka aanze kusimuliwa?"

"Somo, mtu anakwenda jela."

"Nimesikia. Na wewe unakwenda kufukuzwa kazi, hilo pia nimesikia, japo hujalisema."

Hapo nilishindwa. Kusema kweli nilikuwa nimefikiri njia nyingine kabisa. Kulikuwa bado na muda wa kwenda nyuma, kuvua begi, kupita kiubavu, na kuuingiza uchochoro ule kwenye Ramani kimya kimya kama masahihisho ya kawaida. Asilimia zingeshuka, labda hadi sabini. Hamduni asingekamatwa leo. Jina langu lisingeguswa. Lakini sabini bado ni mtetemo. Angetetema mtaani miaka yake yote, na mimi peke yangu ningejua kwa nini.

Nikaiondoa ndoo mlangoni, nikatoka.

*

Inspekta Chambuso alinisikiliza amesimama, mgongo kwa ile Ramani kubwa ya ukutani ambapo kila simu ya kata ni nukta ya kijani. Ni mtu mwema. Yeye ndiye aliyenipeleka kozi.

"Nasra tulimpata kwa dakika ngapi, Tunu?"

"Kumi na tisa, afande."

"Angekuwa hai dakika ya arobaini?"

"Daktari alisema hapana."

"Haya." Akajifuta jasho. "Sasa nisikilize. Ukiandika kwamba mpimaji alichora ukuta mahali penye njia, na kwamba simu ya polisi, inayohesabika kama mashahidi kumi, ilikuwa kwenye beseni la kufulia, mimi sheria inanilazimisha nizime kata nzima. Siku tisini za ukaguzi. Na si hapa tu. Kila penye singo, kila msiba ambapo simu zinakusanywa, kila kesi iliyotoka huko itafunguliwa. Siku tisini, Tunu. Mtoto wa kesho tutamtafuta kwa filimbi?"

Niliziangalia nukta za mtaa wetu ukutani.

"Fundi wako atakaa ndani wiki mbili," akaendelea, sauti imelainika. "Tutalirekebisha hili taratibu. Atatoka."

"Akitoka, simu zitaacha kutetema?"

Akatazama saa. Saa sita na dakika arobaini.

"Afande?"

"Baada ya miaka miwili."

"Ana cherehani moja na wateja wote wa kike. Nani ataingia kupimwa kiuno na mtu anayetetema?"

"Na unayoyasema nayathibitishaje? Neno lako una sababu ya kulisema. Ramani inazo simu arobaini na mbili. Wewe una nini?"

Kelele zilianza nje kabla hajamaliza. Askari wa zamu akaingia kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama anayezuia ng'ombe, na nyuma yake wakaingia. Bi Mwajabu anachechemea. Mama Ashura na mwanawe mgongoni. Wapika vitumbua, wasusi, mwalimu wa chekechea, mama mkwe wa Riziki amevaa miwani ya jua. Walijaza benchi, wakajaza sakafu, wakajaza korido, wengine wakabaki dirishani. Kituo kikanuka udi na vitunguu. Inspekta aligeuka kutazama Ramani ya ukutani, nami nikatazama. Kituo chetu kilionyesha nukta tatu za kijani: yeye, mimi, na askari wa zamu.

"Simu zenu ziko wapi?" akauliza, na nilimwona anaogopa.

"Nyumbani," alijibu Somo Mgeni. Watu walimpisha mpaka mbele. "Hatukuzileta makusudi. Tumeona zimesema vya kutosha."

"Mama, shikamoo. Mlikuwa mnafanya nini Jumamosi?"

"Marahaba. Hilo sikujia. Ya ndani hayakuhusu. Nimekuja kusema ya mlangoni." Akanyoosha bakora kuelekea mezani. "Mlangoni palikuwa na beseni. Nililishika mimi. Kila aliyeingia alitoa simu nikaiona kwa macho haya, nikalipeleka mwenyewe chumbani kwa fundi, nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Fundi hakuwamo. Andika."

"Yangu ilikuwa ya chini kabisa," alidakia Mama Ashura, "ilitoka na mkwaruzo, na aliyeikwaruza namjua."

"Nyamaza wewe!"

"Si anasema tuseme ya mlangoni?"

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini na moja. Inspekta alifungua droo. Alifungua ya pili. Akampapasa askari wa zamu mifuko ya shati. Kituo kizima hakikuwa na kalamu. Kuna nini cha kuandika siku hizi? Hatimaye mama mkwe wa Riziki alivua miwani, akapekua mkoba, akampa penseli ya wanja. Majina matatu ya kwanza ya maelezo yale yameandikwa kwa wanja, nyuma ya kalenda, mpaka mtu alipokimbia dukani akarudi na biro. La kwanza ni langu.

Dakika ya hamsini na nane alinisogezea karatasi nitie saini.

"Ukisaini naizima," akasema kwa sauti ya chini. "Na chochote kitakachotokea humu siku tisini hizi, utakuwa unajua."

Mtoto wa Mama Ashura alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake, kidole mdomoni. Umri wa Nasra kabisa.

Nikasaini. Ukutani nukta zikaanza kuzimika, mtaa kwa mtaa, mpaka ukabaki ukuta.

*

Kesho yake asubuhi Hamduni alitoa cherehani yake barazani kama kawaida. Hakuna simu iliyotetema. Nilidhani hilo lingetosha.

Mama wa kwanza alikuja kuchukua kitambaa chake. Akasema si kwa ubaya, ila sherehe imeahirishwa. Hamduni alikikunja vizuri, akampa. Wa pili alimtuma dada wa kazi. Wa tatu alikuwa Mama Ashura, huyo huyo wa kituoni, na hakunitazama.

"Mama Ashura," nikasema. "Si ulikwenda mwenyewe kusema hakuwamo?"

"Nilisema, na nitasema tena." Alikuwa anaongea na kile kitambaa. "Lakini Tunu, tangu jana mwili wangu umeshajua kuogopa. Nifanyeje mimi? Nipe siku mbili tatu."

Wapita njia walikuwa wanahama upande mwingine wa barabara wakilikaribia baraza. Simu zao kimya mfukoni, wao wanahama. Hamduni alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

"Dada Tunu," akasema. "Yule aliyesimama dirishani kwangu dakika kumi na moja. Anaishi wapi?"

"Hatujui."

"Anaweza kuwa yeyote anayepita hapa."

"Anaweza."

"Na mimi ndo wananikwepa."

Nilikuwa nimekuja na mfuko wa plastiki. Saa nane nilitakiwa kukabidhi sare, na sare haipokelewi ikiwa na kasoro. Nikaitoa, nikakivuta kigoda nikakaa naye pale mbele, barazani, mahali kila mpita njia anatuona, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Kwapa limefumuka," nikasema. "Na kifungo kimoja hakipo. Lakini shati limenibana, ningependa unipime upya ndo ushone. Nitoke nayo imenikaa."

"Si unairudisha?"

"Nipime, Hamduni."

Alichukua futi shingoni. Aliniuliza kwa macho, nikasimama, nikanyanyua mikono. Mtaani watu walipunguza mwendo. Alinizungushia futi kifuani kwa vidole vya baridi, akasoma mara mbili.

"Thelathini na nane," akasema.

"Sema kwa sauti. Hawajasikia."